JE, MWUGUZI AACHE KAZI ILI AMTUMIKIE MUNGU?

Ndugu msomaji, swali lililo juu ya makala haya sikulitunga mimi. Niliulizwa nalo pale Mikumi na dada mmoja mwuguzi, ambaye aliingia katika Uislamu miaka michache iliyopita. Jina lake sitalitaja, wala la kijiji anachofanyia kazi, lakini yeye mwenyewe ameniruhusu nilijibu swali lake mbele ya wasomaji, kwani anaamini kwamba wako wengine walio katika hali yake na hawana wa kumwuliza.

Wenye kuipita Mikumi kwa gari huijua kwa wanyama tu. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya huikata hifadhi ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa umbali wa kilometa 50 hivi, na abiria hujazana madirishani watazame tembo na twiga. Lakini Mikumi ni njia panda vilevile. Upande mmoja hutoka barabara ya Kilosa, na upande mwingine ile iendayo Kidodi, Kidatu na Ifakara. Mtu anayehudumu katika zahanati ya kijiji ndani ya wilaya ya Kilosa aghalabu hufika hapo kununua mahitaji na kungojea basi. Ndivyo tulivyokutana, barazani pa duka, yeye na kikapu chake na mimi na begi la vitabu.

“Shikamoo, shehe.”

“Marahaba, dada. Habari za kazi?”

“Kazi ndiyo ninayotaka kuagana nayo,” akasema.

Kisha akanieleza. Usiku mmoja wa mvua mama mmoja alijifungua salama katika zahanati yake. Mtoto akalia vizuri, kondo la nyuma likatoka, halafu damu ikaanza kumtoka mama wala isikome. Dada huyu alimkanda tumbo ili mfuko wa uzazi ujikaze, akamtoa mkojo, akamchoma sindano ya oksitosini. Sasa, yafaa msomaji afahamu jambo moja juu ya dawa hiyo. Hutaka kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa katika joto hupungua nguvu, na kwa macho huwezi kutambua, maana maji ni yale yale maangavu katika kichupa kile kile. Jokofu la zahanati lilikuwa la gesi, na mtungi ulikuwa umekwisha tangu majuma mawili. Gari lilipatikana alfajiri. Mama akafa njiani kabla ya kufika barabara kuu.

“Baadaye ikawaje?” nikamwuliza.

“Nilijaza fomu, shehe. Basi. Hakuna aliyeniuliza neno, wala la kunilaumu wala la kunifariji. Mtungi ukaletwa mwezi uliofuata.”

Tangu siku ile, akasema, moyo wake umekuwa kama jiwe. Mgonjwa akiingia haoni mtu, anaona kadi. Akitoka hakumbuki uso wake. Kwa hiyo ameandika barua ya kuacha kazi, na anataka aje kusoma dini apate kuwafundisha akina mama wenzake. “Huko ndiko kwenye thawabu,” akasema. “Hapa ninahesabu kadi tu.”

Nami, msomaji, nilimjibu upesi kuliko ilivyofaa. Nilimwambia, “Dada yangu, ile ilikuwa kudura ya Mwenyezi Mungu.”

Akanitazama, akasema kwa upole, “Shehe, kudura haikuzima jokofu. Gesi ndiyo iliyokwisha.”

Kudura na mtungi wa gesi

Nakiri kwamba maneno yale yalinifunga kinywa. Nilikaa chuoni ng’ambo miaka saba, nikasoma mlango wa kudura na makadirio kwa walimu wakubwa, na nikafaulu mtihani wake. Lakini katika mtihani ule hapakuwamo jokofu. Basi nililolijibu baadaye, tulipoonana tena mahali pale pale baada ya mwezi na siku kadhaa, ndilo ninaloliandika hapa kwa urefu zaidi.

Yeye alikuwa na haki, mimi nilikosea. Kuamini makadirio ya Mungu ni nguzo ya imani yetu, lakini imani hiyo haikuwekwa ili iwe kifuniko cha kufunikia yaliyoharibika mikononi mwetu. Sayidna Umar (r.a.), Khalifa wa pili wa Mtume Mtukufu (s.a.w.), alipokuwa njiani kwenda Sham alipata habari mahali paitwapo Sargh kwamba tauni imeingia nchi ile. Akashauriana na masahaba, akaamua kuwarudisha watu. Abu Ubaida (r.a.) akamwuliza kama anaikimbia kudura ya Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, anaitoka kudura ya Mungu moja na kuiendea kudura ya Mungu nyingine, na akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye pande mbili, moja la majani na moja kavu. Popote atakapowachunga ngamia wake atakuwa ndani ya kudura, lakini hakuna mwenye akili atakayewapeleka upande mkavu. Kisha Abdurrahman bin Auf (r.a.) akaja na ushahidi kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikwisha kukataza watu kuingia nchi yenye tauni.

Mtungi uliojaa ni kudura, na mtungi mtupu ni kudura. Aliyepewa akili na mikono ataulizwa ni upi aliouchagua. Wala lawama hii haimwendei dada yule peke yake, kwa kuwa yeye aliomba gesi hakupewa. Nayasema haya ili mwongofu mpya asije akadhani kwamba Uislamu unamtaka anyamaze kila mtu anapokufa kwa jambo lililoweza kuzuilika.

Jiwe moyoni

Jambo la pili nililomweleza ni kwamba hali yake haimaanishi kuwa imani yake imepungua. Mwaka 1974 mganga wa nafsi aitwaye Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea katika zahanati ya bure mjini New York, aliandika juu ya hali aliyoiona kwa wenzake na kwake mwenyewe: watu walioanza kazi kwa moto mkubwa wakawa kama jengo lililoungua ndani, kuta zimesimama na vyumba ni majivu. Baada yake Christina Maslach wa Marekani akaichunguza kwa miaka mingi, akaonyesha dalili tatu. Kwanza nguvu za mtu humwisha. Pili huanza kuwaona watu kama vitu. Tatu huamini kwamba alifanyalo halina faida. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliitia hali hii katika orodha yake ya kimataifa, likaeleza kwamba si ugonjwa, bali ni jambo litokanalo na mashaka ya kazini ambayo hayakushughulikiwa.

Tazama basi: litokanalo na kazini. Kadi badala ya mtu, ndiyo dalili ya pili. Kuhesabu tu bila faida, ndiyo ya tatu. Nilipomsomea orodha hiyo dada huyu alicheka kidogo, mara ya kwanza mbele yangu, akasema kumbe yeye ni mgonjwa wa kitabuni.

Kwa mtu wa hali hii, kumwambia tu azidi kusali na kuvumilia ni kumwongezea mzigo. Salman Mwajemi (r.a.) alipomwona ndugu yake Abu Dardai (r.a.) akifunga kila mchana na kusimama kila usiku hata mke wake akasahauliwa, alimzuia, akamkumbusha kwamba nafsi yake nayo ina haki juu yake, na jamaa zake wana haki. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alisema Salman amesema kweli. Kwa hiyo likizo ambayo dada huyu hakuichukua kwa miaka miwili, nilimwambia aiombe. Hilo si jambo la dunia lililo nje ya dini.

Hema la Bibi Rufaida

Lakini uchovu ulikuwa nusu tu ya shida yake. Nusu ya pili ni ile maiti iliyokuwa garini. Alikuwa akijiuliza: kazi yangu ni kuponya, na huyu sikumponya, je, kazi ina maana gani?

Katika mwaka wa 5 wa Hijra, yaani mwaka 627, Madina ilizingirwa na makabila, na Waislamu wakachimba handaki. Saad bin Muadh (r.a.), mkuu wa kabila la Aus, akapigwa mshale uliokata mshipa wa mkono. Alikuwapo bibi mmoja wa Kiansari aitwaye Rufaida, ambaye aliwauguza majeruhi katika hema lililokuwa msikitini mwa Mtume (s.a.w.). Mtume aliamuru Saad apelekwe katika hema hilo ili awe karibu, apate kumzuru. Ndugu msomaji, fikiri mahali penyewe. Hema la wagonjwa halikuwekwa sokoni wala pembeni mwa mji. Liliwekwa msikitini, panaposaliwa. Aliyekwenda kuswali alipita karibu na harufu ya majeraha na dawa.

Tena usiache sehemu ya mwisho ya kisa, ambayo wasimulizi wengi huipita upesi. Saad hakupona. Jeraha lilifunguka tena, damu ikamtoka, akafariki. Mgonjwa mashuhuri kuliko wote waliotajwa katika hema lile alikufa, na alikufa kwa kutokwa na damu. Hata hivyo hakuna aliyesema kwamba hema la Rufaida lilikuwa bure, na jina lake lingali likitajwa kwa heshima baada ya karne kumi na nne. Kurani Tukufu katika Sura Shuaraa inaeleza maneno ya Nabii Ibrahimu (a.s.) kwamba Mungu ndiye amponyaye augapo. Kuponya ni kwa Mwenyezi Mungu. Kuuguza ndiko tulikopewa sisi, na ndiko tutakakoulizwa.

Hapo dada yule alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama Rufaida alikuwa na dawa zake zote siku ile. Sikuwa na jibu, na nadhani hakutaka jibu.

Yaliyotendeka Kigoma

Ni vyema pia kuangalia karibu nyumbani. Katika miaka ya 1980 nchi yetu ilikuwa katika dhiki kubwa. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979 na hazina ilikuwa tupu. Kigoma, mwisho wa reli ya kati, ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyo mbali kabisa na bohari za Dar es Salaam. Katika hospitali ya mkoa huo Daktari Godfrey Mbaruku, bingwa wa magonjwa ya akina mama, alianza kwa jambo dogo: alifungua madaftari ya miaka ya 1984 hadi 1986 na kuwahesabu akina mama waliokufa. Akagundua kwamba hata kuandikwa kwenyewe kulikuwa na upungufu mkubwa. Wengine walikuwa wamekufa bila ya kuhesabiwa.

Kisha kuanzia mwaka 1987 yeye na wenzake wakaweka mpango wa mambo 22. Usidhani yalikuwa makubwa. Mikutano ya mara kwa mara ambamo kila aliyehusika alieleza kilichotokea. Ratiba ya kutengeneza vifaa kabla havijafa kabisa. Kufundishana kazini. Damu kuwa tayari. Kituo kidogo cha kutengenezea maji ya dripu pale pale hospitalini. Kusikiliza malalamiko ya wananchi. Waliangalia hata umbali wa nyumba za watumishi wa lazima kutoka hospitali, kwa maana mpasuaji akilala mbali, mama anayetokwa na damu hawezi kumngojea. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 pamoja na Daktari Staffan Bergström wa Sweden: vifo vilishuka kutoka 933 katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai mwaka 1984 hadi 186 mwaka 1991.

Tarakimu hizo ni kubwa, lakini lililonivutia mimi ni lile la kwanza katika orodha, mikutano. Dada wa Kilosa alivunjika siku aliyojaza fomu bila ya mtu kumwuliza neno. Kigoma waliulizana. Nionavyo mimi, kuulizwa “ilikuwaje?” na mwenzako ambaye naye kesho ataulizwa vivyo hivyo, ni heshima kwa aliyekufa na ni dawa kwa aliye hai. Mtu akijua kwamba kifo hiki kitabadilisha kitu, moyo wake haulazimiki kuwa jiwe. Wala sioni kwamba watumishi wale walingojea kwanza wapate hamu ya kazi ndipo waanze. Walianza na daftari.

Na wasiseme wenye vyeo vidogo kwamba hayo ni ya mabingwa. Nchi hii ilianza mwaka 1963 kuwafundisha madaktari wasaidizi, na uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Kigoma na Mwanza na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba sehemu kubwa sana ya upasuaji wa kuwaokoa akina mama wazazi ilifanywa na watu hao, na matokeo yao hayakutofautiana na ya madaktari wenye shahada. Hivi karibuni zaidi, mwaka 2023, yalitangazwa matokeo ya hospitali zipatazo 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Wakunga walitumia mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia damu, na mara damu ilipozidi walitoa tiba zote kwa pamoja bila ya kungojea moja ishindwe ndipo wajaribu nyingine. Utokaji mkubwa wa damu na madhara yake makubwa vilipungua kwa asilimia 60. Dada yule alinisikiliza kwa makini mahali hapa kuliko popote pengine. Aliniuliza alama za mfuko huo ziko wapi na wapi, nami sikuweza kumwambia yote. Nikamwahidi kumtafutia maandishi.

Jibu la swali

Sasa, je, aache? Sitasema ni haramu kuacha kazi. Mtu hubadili kazi, na ziko hali ambazo kubadili ni salama zaidi kwake na kwa wagonjwa. Ninalolikataa ni ile sababu yake, kwamba thawabu iko huku kwenye vitabu na huko kwenye zahanati hakuna. Kurani Tukufu, katika Sura Maida, inafundisha kwamba aliyeiokoa nafsi moja huhesabiwa kama amewaokoa watu wote. Na imo katika Hadithi kwamba siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atamwuliza mja kwa nini hakumzuru alipokuwa mgonjwa. Mja atastaajabu jinsi Mola wa walimwengu awezavyo kuugua. Naye ataambiwa kwamba fulani aliugua, na kama angalimwendea angalimkuta Mungu kwake. Mwalimu wa dini huwasomea watu Hadithi hii. Mwuguzi yumo ndani yake.

Hadhrat Maulana Nuruddin (r.a.), ambaye baadaye alikuwa Khalifa wa kwanza wa Seyyidna Ahmad (a.s.), alikuwa tabibu wa Maharaja wa Jammu na Kashmir. Alipoondolewa katika cheo hicho alirudi kwao Bhera akaanza kujenga nyumba kubwa ya tiba, na mwaka 1893 alikwenda Qadian kwa ziara fupi, akaombwa abaki, akabaki. Jengo lile hakulirudia. Wako wanaokisimulia kisa hiki kana kwamba aliacha utabibu akashika dini. Si hivyo. Pale Qadian aliendelea kuwatibu watu, wengi wao maskini, na kufundisha Kurani. Mkono uliokuwa ukishika mshipa wa mfalme ulishika mshipa wa mkulima.

Baada ya maneno haya dada yule alinionyesha daftari la shule lenye jalada la buluu. Alikuwa ameandika ndani yake mambo matatu kuhusu usiku ule wa mvua: gesi, gari, na kwamba aliita msaada akiwa amechelewa kwa nusu saa kwa sababu alitumaini damu ingekoma. Lile la tatu hajapata kumwambia mtu. La kwanza alikwisha kulipeleka katika kamati ya zahanati ya kijiji, nao wameahidi kwamba mtungi wa akiba utanunuliwa kabla ya masika. Barua ya kuacha kazi bado anayo. Sikumwuliza ataifanyaje.

Alikuwa na swali moja tu lililobaki, nalo nalijibu hapa kwa faida ya wote. Wakati wa Alasiri umeingia, mama yumo katika uchungu na mwuguzi yu peke yake. Je, amwache akaswali? Asimwache. Ibn Abbas (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipata kuunganisha Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, akiwa Madina pasipo hofu wala mvua, na alipoulizwa sababu akasema Mtume hakutaka kuutia umma wake katika mashaka. Basi ajuaye kwamba zamu yake itakuwa ngumu na aziunganishe kwa wakati wa kwanza au wa pili, kama atakavyowahi, na aoshe damu iliyo mwilini na kubadili vazi kabla ya kuswali.

“Na kama mama amejifungua, na jua linakaribia kuzama?” akauliza.

Nikamwambia kwanza ahakikishe damu imekoma. Kisha basi la Kidodi likafika, akapakia kikapu chake.